Sifuri ya Kwanza ya Shangazi

"Shangazi, na kama hicho kitu hakipo?"

Nilimuuliza hivyo, kuhusu kile wanachokitafuta kazini kwake, nikiwa na miaka minane. Nilikuwa nimekaa juu ya meza ya jikoni kwa Bibi, miguu inaning'inia, naye yuko chini ya sinki anazibua bomba. Alitoa kichwa, tone la maji likiwa limemkaa puani, akanitazama. Kisha akasema, "Nipe spana ile ndogo," kichwa kikarudi chini ya sinki. Nikampa spana. Jibu sikupewa.

Shangazi ni dada mkubwa wa baba yangu, na ni fundi wa majokofu. Kwa miaka mingi alitengeneza majokofu ya bucha, ya maduka ya maziwa, na yale ya hospitali yanayotunza chanjo. Akifika mahali hafungui kitu kwanza. Anachukua bisibisi ndefu, ncha anaigusisha kwenye mashine, mpini anauweka sikioni, anafumba macho. Wenye jokofu wanabaki wamesimama kimya kama wako kwa daktari. Halafu anafumbua macho na kusema, "Huyu anaumwa kifua," au "Huyu mzima, tatizo ni nyie mnaojaza nyama mpaka mlango haufungi."

Siku moja alipigiwa simu kutoka maabara iliyo ndani ya mgodi wa zamani, chini ya mlima. Mashine yao ya kupoza ilikuwa imegoma, mtaalamu wao yuko safarini, na kuna aliyesema, muiteni yule mama wa majokofu ya chanjo. Shangazi alishuka kwa lifti ya mgodi na kikapu chake cha spana. Akasikiliza kwa bisibisi, akapaka povu la sabuni kwenye maungio ya bomba la gesi, na ungio la tatu likaanza kutoa mapovu madogo madogo. Akakaza. Mashine ikaamka. Mkuu wa maabara, ambaye hata sisi nyumbani tunamwita Profesa tu, alimuuliza, "Fundi, wewe huko juu huwa unapoza mpaka wapi?"

"Nyama, hasi kumi na nane," akajibu Shangazi.

"Sisi tunataka kufika karibu na hasi mia mbili sabini na tatu. Chini ya hapo hakuna baridi tena, imeisha. Panaitwa sifuri kabisa."

Shangazi anasema alishikwa na kiu, kama mtu aliyeambiwa kuna mlima mrefu kuliko ule aliokuwa akijivunia kuupanda. Akaajiriwa wiki iliyofuata. Alikaa miaka kumi na minne.

Nilitaka kujua wanapoza nini, maana nilijua si nyama. Akanieleza siku ya chakula cha mchana kwa Bibi, akitumia sufuria iliyokuwa mezani.

"Kuna atomu za aina fulani," alisema, "ambazo mara chache sana, chembe mbili ndani ya kiini chake hujibadilisha kwa mpigo mmoja. Zikijibadilisha, zinatoka elektroni mbili na nyutrino mbili. Wanne hao wanagawana nishati, kama watu wanne na sufuria moja. Nyutrino ni watoro, zinapita ukutani bila hodi, na walichokula hukioni. Kwa hiyo ukizipima elektroni, leo zimekula kingi, kesho kidogo. Umenielewa?"

"Ndiyo."

"Sasa kuna watu wanafikiri, huenda siku moja moja zinatoka elektroni mbili tu. Nyutrino hazitoki kabisa. Basi hapo hizo mbili zimekula sufuria nzima! Na sufuria nzima ni kiasi kilekile kila mara. Sisi tuna fuwele arobaini na mbili zilizojaa atomu hizo, kila moja kama ngumi. Tunazipoza mpaka kidogo sana juu ya sifuri kabisa, zitulie tuli. Elektroni mbili zikitoka humo, fuwele inapata joto. Joto dogo mno, lakini kwa sababu imetulia, tunaliona."

"Na mkiliona?"

"Tutajua nyutrino ni kiumbe wa ajabu, yeye mwenyewe ndiye kinyume chake mwenyewe. Profesa anasema hapo tutaanza kuelewa kwa nini ulimwenguni kuna vitu, badala ya kutokuwepo chochote."

Bibi, ambaye alikuwa akipakua, akasimamisha upawa hewani. "Kwani vitu kuwepo kuna ubaya gani?"

"Hakuna ubaya, mama."

"Basi mnahangaika nini? Sogeza sahani."

Shangazi alicheka mpaka akakohoa. Anampenda sana Bibi, na ninadhani ufundi wake wa kutafuta ulianzia kwa miwani ya Bibi. Bibi hupoteza miwani mara mbili kwa wiki, na nyumba nzima huingia kazini. Siku moja nilitumwa droo ya jikoni. Nikaivuta, nikaangalia, nikatangaza, "Haimo!" Tulizunguka vyumba vyote, tukainua mito, tukatazama hata ndani ya friji. Baada ya saa nzima Shangazi akaenda kwenye droo ileile, akatoa kila kitu kimoja kimoja, vijiko, mishumaa, betri, na chini ya kitambaa cha sahani ikatokea miwani, imetulia zake.

"Nani aliyetafuta hapa?" akauliza.

"Mimi, Shangazi."

"Ulitafuta au ulichungulia?"

Toka siku hiyo neno hilo halijatuacha. Baba akikosa soksi anaambiwa amechungulia. Mimi nikirudisha mtihani wenye makosa naulizwa kama nilisoma swali au nilichungulia.

Na huko mgodini hakuna kuchungulia. Niliwahi kwenda siku ya wageni. Juu yako kuna mlima mzima wa mawe, umewekwa na Mungu kuzuia miale inayonyesha kutoka angani kila sekunde. Kuizunguka mashine kuna ukuta wa matofali ya madini ya risasi. Unavua viatu, unavaa ovaroli nyeupe, kofia, barakoa, glavu mbili mbili, kwa sababu hata alama ya kidole chako ina mnunurisho kidogo, yaani miale isiyoonekana, na kwa fuwele hizo kidogo ni kelele. Mlangoni kuna picha ya ndizi iliyopigwa mstari mwekundu. Niliuliza kosa la ndizi ni nini. Kijana wa kompyuta, ambaye wanamwita Grafu kwa kuwa hawezi kuongea dakika mbili bila kuchora mstari wa kupanda na kushuka, akaniambia ndizi nayo ina mnunurisho wake, mdogo tu, haumdhuru mtu.

"Kwa hiyo mkila ndizi mnafukuzwa?"

"Tunaila huko juu," akasema Grafu. "Halafu tunaoga, tunapiga mswaki, na bado Bi Sifuri anatunusa."

Bi Sifuri ni Shangazi. Jina lenyewe lina historia. Chumba cha kuongozea mashine kina ubao mweupe, na kila asubuhi mtu mmoja huandika juu yake idadi ya vile wanavyovitafuta vilivyoonekana mpaka jana. Kwa mashine yao ya kwanza, ile ndogo ya majaribio, namba ilikuwa sifuri siku zote, na aliyeiandika siku zote ni Shangazi, kwa sababu ndiye anayefika mapema. Huandika sifuri nene, imebonyea upande mmoja. Grafu husema, "Mama, hiyo ni sifuri au yai?" naye hujibu, "Litaanguliwa, we subiri."

Halafu ikaja mashine kubwa, hii ya fuwele arobaini na mbili. Ilichukua miaka mitatu kuijenga. Shangazi ndiye aliyegundisha vihisi joto kwenye kila fuwele, tone moja la gundi kwa pumzi moja, mikono ndani ya sanduku la kioo. Ndiye aliyening'iniza sahani ya shaba inayozibeba zote. Ndiye aliyekaza skrubu ya mwisho. Na kwa taratibu zao, anayekaza skrubu ya mwisho ndiye anayeandika sifuri ya kwanza. Lakini haiandikwi mpaka mashine ipoe na fuwele zinyamaze. Kabla ya hapo ubaoni kunakaa kistari.

Wakati huo Shangazi alikuwa amebakiza miezi minane astaafu.

Mashine ikawashwa. Ikapoa wiki ya kwanza, ya pili, ya tano, ikafika kulekule inakotakiwa. Watu wakapeana mikono. Grafu akafungua kompyuta atazame fuwele zimetulia vipi, na akakuta zinatetemeka. Zote arobaini na mbili. Mstari uliotakiwa kulala kama uzi ulioshikwa pande mbili ulikuwa unaruka kama maji yanayochemka. Katika kutetemeka kule, elektroni zingeweza kutoka mbili, nne, au kijiji kizima, na hakuna ambaye angejua.

Wiki mbili walitafuta. Mwishowe Profesa akawaita. Grafu anasema Profesa alikuwa akizungusha kofia yake mikononi kama mtu anayeenda kutoa salamu za msiba.

"Nadhani sahani ya shaba imegusa ukuta," alisema. "Fundi, sikulaumu. Chuma na shaba vikipoa vinasinyaa, kila kimoja kivyake. Lakini kama imegusa, hakuna njia. Tunaipasha joto, tunafungua, tunaning'iniza upya."

"Itachukua muda gani?" Shangazi akauliza, japo alikuwa anajua.

"Miezi tisa. Kama tukibahatika."

Yeye sasa alikuwa amebakiza sita. Sita na tisa, hesabu hiyo hata mimi niliiweza. Sifuri ya kwanza ingeandikwa na mwingine. Profesa aliwapa siku kumi zaidi, baada ya hapo mashine ipashwe joto.

Jumamosi ile Shangazi alikuja kwa Bibi, akakaa kwenye kiti kile cha karibu na dirisha, na hakumtania mtu. Bibi akaniita pembeni. "Ana nini huyu mtoto?" Shangazi alikuwa na miaka hamsini na tisa, lakini kwa Bibi ni huyu mtoto. Nikamweleza kuhusu sahani. Bibi akasema, "Kama ni sahani aliining'iniza yeye, haijagusa kitu. Namjua. Tangu mdogo akianika nguo moja, hairuhusu iguse nyingine."

Nilimpelekea Shangazi maneno hayo kama yalivyo. Alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

Mchana wake maji yakakatika. Bibi anakaa ghorofa ya tatu na bomba la chini ndilo hubaki na maji. Tukashuka mimi na Shangazi na beseni kubwa, tukajaza, tukashika kila mmoja upande wake, tukaanza kupanda. Kwa kuwa ngazi ni nyembamba nikawa nahesabu ili twende sawa. "Moja, mbili! Moja, mbili!" Tukawa tunakanyaga pamoja kama gwaride. Maji yakaanza kuyumba. Kwanza kidogo, halafu yakashika mdundo wetu, kila hatua yanapanda juu zaidi, mpaka tulipofika kwenye mlango wa Bibi yakaruka ukingo na kutua kwenye zulia.

"Mnanizamishia nyumba!" Bibi akapiga kelele. "Maji mmeyaleta au mmeyachezesha ngoma?"

Shangazi alikuwa ameganda pale mlangoni, nusu ya sketi imelowa, anatazama beseni.

"Turudi chini," akasema.

"Shangazi, si tumeshafika?"

"Turudi. Na safari hii usihesabu. Tembea unavyotaka."

Tulishuka na beseni letu, tukalijaza tena, tukapanda kila mtu na hatua zake, mimi fupi fupi, yeye ndefu. Maji yalitikisika tikisika tu humo ndani. Halikumwagika hata tone. Alipoliweka chini jikoni alijipiga paji la uso kwa kiganja, paa!

"Ni mimi," akasema. "Mama yangu, ni mimi mwenyewe! Ni ile swichi yangu!"

"Swichi gani tena?" Bibi akauliza, kitambaa cha kupigia deki mkononi.

Ndipo akatueleza. Mashine kubwa inapozwa na mitambo mitatu, na kila mtambo unapiga gesi yake kwa mapigo, kama moyo. Ile mitambo ilipoletwa kila mmoja ulikuwa na swichi yake, waya zimetapakaa, wanawasha huyu, wanakimbia kuwasha yule. Shangazi hapendi vurugu. Akatengeneza swichi moja nzuri, ya kijani, ukiibonyeza mitambo yote inaanza kwa mpigo mmoja. Profesa aliipiga picha. Grafu aliandika kwenye karatasi, SWICHI YA BI SIFURI, akaibandika juu yake. Na kwa sababu ilianza pamoja, mitambo ilikuwa inapiga pamoja, moja, mbili, moja, mbili, tangu siku ya kwanza, na kule ndani sahani ya shaba inayumba kama maji ya beseni. Haikugusa popote. Ilikuwa inachezeshwa.

"Sasa si ungesikia kwa ile bisibisi yako?" nikauliza.

"Nilisikia!" Alikuwa anacheka na kutikisa kichwa. "Nilisikiliza mtambo mmoja mmoja. Huyu mzima, huyu mzima, na huyu mzima. Sikukaa kati yao niwasikie wote. Nilichungulia, mwanangu. Mimi, nilichungulia!"

Bibi alifurahi kupita kiasi. "Leo kasema mwenyewe! Mmesikia? Andikeni tarehe!"

Jumatatu Shangazi alishuka mgodini, akabandua karatasi ya Grafu mbele ya watu wote, akasema, "Sahani haijagusa. Aliyeharibu ni mimi na swichi yangu." Kisha Profesa akauliza, taratibu, kama anayeogopa kuliamsha tumaini, "Kwa hiyo hatufungui?"

"Hatufungui. Nipeni kiti."

Akakaa katikati ya mitambo mitatu, macho amefumba. Grafu yuko kwenye kompyuta chumba cha pili, mlango wazi. Shangazi akaupunguza mwendo mtambo wa pili kwa kidogo sana, mpaka pigo lake likachelewa nyuma ya lile la kwanza, akaurudisha kwenye mwendo wake. Akafanya hivyo na wa tatu, uchelewe nyuma ya wa pili. Badala ya kusikia paa, paa, ikawa pa-pa-pa, pa-pa-pa, kila mmoja unaziba pengo la mwenzake.

"Inashuka!" Grafu akapayuka. "Mama, mstari unashuka!"

"Acha kunipigia kelele, nitapoteza hesabu!"

"Unashuka bado! Ongeza kidogo wa tatu! Hapo! Hapo hapo, usiguse, usipumue!"

Sehemu hii Grafu huisimulia akisimama juu ya kiti, na najua anatia chumvi, lakini hata Profesa alikubali kwamba mstari ulilala. Ulilala kama mtoto aliyechoka. Walikaa wanautazama tu, watu wazima saba. Kisha wakaanza kukumbatiana kwa ovaroli zao, na mmoja akagonga ukuta wa risasi kwa kiwiko na kulia kwa maumivu na furaha pamoja.

Waliupima siku tatu ili wawe na hakika. Siku ya nne asubuhi Shangazi alifuta kile kistari ubaoni kwa kiganja cha mkono wake. Akachukua kalamu. Ninayo picha yake, iko ukutani kwangu: mwanamke mnene aliyevaa kofia nyeupe, anaandika sifuri kwa ulimi uliotoka kidogo pembeni ya mdomo, kama mtoto anayejifunza kuandika. Sifuri imebonyea upande mmoja vilevile. Nyuma yake wanapiga makofi watu ambao wamepata sifuri.

Aliiandika kila asubuhi kwa miezi mitano na ushee. Siku ya kustaafu alimkabidhi Grafu kalamu na bisibisi ndefu. Wao wakampa ile swichi ya kijani, imewekwa kwenye kibao kizuri cha mti. Ameiweka sebuleni, na mgeni akiuliza inawasha nini anajibu, "Akili."

Hayo yamepita miaka miwili na nusu. Mwezi uliopita wakatangaza matokeo. Katika muda wote huo, fuwele zote arobaini na mbili, zimekaa kimya zinasikiliza, na ubaoni ni sifuri. Grafu alinipigia simu kunieleza maana yake, kwa namba. Ukiichukua atomu moja ya zile na kuingoja, utangoja miaka ambayo ukiiandika ni moja ikifuatwa na sifuri ishirini na tano, na zaidi. Kwa kadiri hiyo wameshaangalia, na hakuna kitu. Mashine kubwa zaidi itajengwa iangalie mbele ya hapo. "Na itapigwa kwa mapigo yaliyopishana," akasema, "kwa utaratibu wa Bi Sifuri. Imeandikwa kwenye mchoro, kwa jina hilohilo."

Bibi alisomewa gazeti na jirani. Lilisema wanasayansi hawakuona kitu. Jumamosi tulipofika alikuwa amekasirika kwa niaba ya mwanawe. "Miaka yote hiyo chini ya ardhi, nakatazwa kukufungia ndizi, halafu hawakuona kitu! Lete hilo gazeti nilione mwenyewe. Miwani yangu iko wapi?"

Miwani haikuwepo. Nyumba ikaingia kazini kama kawaida. Baba akaenda chumbani, mimi nikainua mito, Shangazi akaenda kwenye droo ya jikoni. Nilipomfuata alikuwa ameshaimwaga yote mezani: vijiko, mishumaa, betri, uzi, funguo zisizo na kufuli. Alikuwa anapangusa kona za droo tupu kwa kidole, huku anaimba kwa pua. Sijawahi kuona mtu aliyetangazwa gazetini kwamba hakuona kitu akiwa na furaha namna hiyo.

"Shangazi," nikasema, "unakumbuka nilikuuliza, na kama hicho kitu hakipo?"

"Nakumbuka. Nilikuwa chini ya sinki hilo hapo." Akaiinua droo, akanionyesha ndani, mbao tupu, safi, mpaka pembeni. "Tazama vizuri. Unaiona? Hakuna mtu atakayehitaji kuifungua hii tena, si leo, si kesho, kwa sababu niliyeitafuta ni mimi, na sikuchungulia. Haya, humu haimo. Vuta droo ya pili."